Namba 22 ya Beni na Butembo

Jaribio la dawa za Ebola lililofanyika Beni, Mangina, Butembo na Katwa, mashariki mwa Kongo (DRC), kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019 husifiwa kwa kutupatia dawa mbili. Sifa hiyo ni halali. Lakini ukiyasoma matokeo yake kwa makini, unakuta kwamba kazi ya kuongea na watu mitaani, ambayo wengi waliiona kama pambo la maabara, ilikuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Jaribio liliitwa Pamoja Tulinde Maisha. Liliendeshwa na INRB ya Kinshasa, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba anayoiongoza Profesa Jean-Jacques Muyembe, ikishirikiana na NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, REGN-EB3 na mAb114, hii ya mwisho ikiwa imetokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kura ndiyo iliyoamua nani apewe ipi, na hapakuwa na kundi la kupewa maji matupu. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi uliolisaidia jaribio kuliko huo. Eneo lilikuwa na mauaji ya raia yasiyokwisha, uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo, na magari ya ripost, yaani vikosi vya kupambana na Ebola, yalikuwa yakipita kwa misururu mbele ya watu wasio na maji ya bomba. Nani angethubutu kumwambia mama wa Katwa kwamba mwanawe huenda asipewe dawa, kwa faida ya sayansi?

Sasa tuingie maabara. Damu ya mgonjwa huchanganywa kwanza na kemikali inayoua kirusi, kisha hutiwa kwenye kikasha cha plastiki, na kikasha huingizwa ndani ya mashine ya GeneXpert. Mashine hunakili chembe za urithi za kirusi mzunguko baada ya mzunguko, kila mzunguko ukizizidisha mara mbili, mpaka zitoshe kuonekana. Jibu ni namba ya mzunguko zilipoonekana. Kwa hiyo namba ndogo ni habari mbaya: anayeonekana kwenye mzunguko wa 18 amebeba virusi karibu mara elfu moja kuliko anayeonekana kwenye wa 28.

Watafiti waliweka mpaka kwenye 22. Waliokuwa juu yake, yaani wenye virusi vichache, wakapata REGN-EB3 au mAb114, walifariki takriban asilimia 10 hadi 11. Waliokuwa kwenye 22 au chini, kwa dawa hizo hizo, walifariki asilimia 64 hadi 70. Ukiwachanganya wote, REGN-EB3 ilikuwa na vifo asilimia 33.5, mAb114 asilimia 35.1, ZMapp karibu 50 na remdesivir 53. Tofauti hiyo ilitosha kuwafanya wasimamizi wa takwimu wasimamishe kura Agosti 2019, wagonjwa 681 wakiwa wameshaingia.

Kinachomshusha mtu chini ya 22, mara nyingi, ni siku alizokaa nyumbani. Waliofika ndani ya siku moja tangu dalili zianze walifariki asilimia 19. Waliofika baada ya siku tano au zaidi, asilimia 47.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema watu wa Beni na Butembo walipotoshwa na uvumi tu. Maneno kwamba CTE, yaani kituo cha matibabu ya Ebola, ni mahali pa kufia hayakutoka hewani. Jirani alipelekwa siku ya sita, akarudi ndani ya mfuko. Macho yaliona kweli. Kasoro ni kwamba macho hayakuona namba aliyoingia nayo. Hofu iliwachelewesha watu, kuchelewa kukawaua, na vifo vikaithibitisha hofu. Tangazo la redio peke yake haliwezi kuvunja mzunguko wa namna hiyo.

Kilichosaidia ni vitu vya kuona. Pale Beni shirika la ALIMA lilitumia chumba cha plastiki angavu, kiitwacho CUBE: muuguzi anaingiza mikono kwenye glavu zilizoshonwa ukutani, na ndugu wanasimama nje wakimtazama mgonjwa wao akinyweshwa maji. Waliopona waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, maana wao walikuwa na kinga. Haya hayakuzuia yote. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na mwezi wa Aprili Dk. Richard Mouzoko wa WHO aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo.

Mlipuko ulitangazwa kwisha 25 Juni 2020, baada ya vifo 2,287, na kabla ya mwaka huo kumalizika mamlaka ya dawa ya Marekani ilikuwa imeziidhinisha REGN-EB3 na mAb114. Oktoba 2021 Ebola ikarudi Beni, eneo la afya la Butsili. Wagonjwa walikuwa 11: wanane walithibitishwa na maabara, watatu walikuwa wameshafariki kabla ya sampuli kuchukuliwa. Waliopona ni wawili.