Kiswahili cha Luteni Uhura

Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, mchezo wa kisayansi usimuliao safari za chombo kiitwacho Enterprise katika anga za mbali. Miongoni mwa mabaharia wake yumo Luteni Uhura, mwanamke wa Kiafrika asemaye Kiswahili. Mambo mawili katika utengenezaji wa mchezo huo yatuhusu sisi walimu.

La kwanza ni jina. Nichelle Nichols, mwigizaji aliyefariki mwaka 2022, alieleza kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa amechukua riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962. Neno likampendeza Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mchezo. Lakini lilionekana kali mno kwa mwanamke, ndipo irabu ya mwisho ikageuzwa kuwa a. Hapa hatuna budi kusahihisha. Kiswahili hakigawi majina kwa uume na uke. Irabu ile ni ya shina huru, na kuigeuza ni kuliondolea neno maana yake. Uhuru haukuhitaji kulainishwa ili umfae mwanamke.

La pili ni zito zaidi. Katika sehemu iitwayo “The Changeling”, iliyoandikwa na John Meredyth Lucas na kuonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, mtambo uitwao Nomad wamsikia Uhura akiimba, ukaifuta kumbukumbu yake. Yambidi afundishwe kusoma upya, kitabu cha watoto mkononi. Kiingereza kikimshinda, Kiswahili chamtoka. Muuguzi anayemfundisha amkataza: si Kiswahili, bali Kiingereza.

Ikiwa kumbukumbu imefutwa, Kiswahili kile kimetoka wapi? Mchezo haujibu. Kwa upande wa hadithi hiyo ni kasoro. Hata hivyo, twaona kwamba ndipo mtungaji alipoukaribia ukweli kuliko popote. Kosa lake ni kuipita nafasi hiyo haraka, kana kwamba ni kichekesho tu.

Sisi tufundishao hapa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, twalijua darasa lile. Mtoto aliyetoka Kivu akikwama katika kitabu cha Kiingereza, hutafuta njia kwa Kiswahili. Na wengi wetu tumemnyamazisha kama alivyofanya muuguzi yule. Kumbe kilichomtoka si kosa, bali ndiyo ngazi pekee aliyobaki nayo baada ya kupoteza mengi. Mwalimu mwema humwuliza amesema nini, kisha huanzia hapo.

Daktari wa chombo aahidi kwamba Uhura atarudi kazini katika muda wa juma moja. Sisi tungeridhika na mwaka mzima. Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi sehemu hiyo asiwaulize kama mtambo waweza kufuta kumbukumbu. Awaulize ni nani aliyekosea pale: mwanafunzi, au mwalimu wake?