Koili ya Nyaya Mbili

Mafuta ya mrehani hubadilika kwa mambo mengi: joto, mwanga, maji, udongo, hata saa ya kuchuma majani. Anayetaka kujua kama sumaku nayo imo lazima ayatulize hayo yote, kisha aguse moja tu. Huo ni ufundi ninaouheshimu sana.

Huanza na waya wa shaba. Fundi huusuka kwenye fremu mbili za duara zinazolingana, kila moja ikawa koili, kama mafundi wetu wanavyosuka mota, mzunguko kando ya mzunguko bila kupandiana. Kisha huziweka fremu hizo zikitazamana kwa umbali ulio sawa na nusu kipenyo chake. Kipimo hicho ni cha Hermann von Helmholtz, mwanafizikia Mjerumani wa karne ya 19, nacho huufanya uga wa sumaku unaojengeka umeme ukipita uwe karibu sawasawa pale katikati, miche inapokaa.

Lakini waya wenye umeme hupata joto. Miche ya kulinganishia ikiwekwa kwenye koili isiyo na umeme, itakaa penye baridi zaidi, na hapo hakuna tena ulinganisho. Mwaka 1992 Joseph Kirschvink, wa California, alieleza namna ya kulikwepa tatizo hilo: kila koili isukwe kwa nyaya mbili sambamba. Umeme ukienda upande mmoja katika zote mbili, uga hujengeka. Ukigeuzwa kwa swichi katika mmoja, sumaku hufutana na joto hubaki lile lile. Na anayemwagilia na kupima asijue swichi iko upande gani mpaka hesabu zikamilike.

Uangalifu huo si wa bure. Mwaka 2007 Margaret Ahmad na wenzake waliripoti kwamba uga wa maikrotesla 500, takribani mara 10 ya ule wa dunia, ulipunguza urefu wa miche ya Arabidopsis, mmea wa jamii ya haradali, kwenye mwanga wa buluu. Mwaka 2009 watafiti wengine walirudia jaribio hilo kwa makini, wasione tofauti.

Mrehani ni mmea wa dawa, nao hutegemewa na mgonjwa, na dawa ni kipimo. Ndiyo maana nikisikia kwamba sumaku imeongeza mafuta ya mrehani, siulizi kwanza yameongezeka kiasi gani. Nauliza koili ilisukwaje, na nani alijua swichi ilikokuwa.