Mtoto Asiyesema Neno: Unyenyekevu na Upokezi katika Injili ya Marko, Sura ya 9 na 10

Utangulizi

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha za wanafunzi kuhusu wahusika watoto anaifahamu sentensi hii: "Mtoto ni ishara ya usafi na kutokuwa na hatia." Mtahiniwa huiandika pale panapotajwa mtoto katika riwaya, tamthilia au hadithi fupi, kisha akasonga mbele kana kwamba ameshajibu swali. Sentensi hiyo haikuzaliwa darasani. Wengi wameichukua kanisani, katika mahubiri kuhusu Yesu na watoto. Kwa hivyo yafaa tuirudie chemchemi yenyewe, tuisome kama tunavyosoma matini yoyote ya fasihi, tuone kama inasema hivyo.

Makala hii haikusudii kuhubiri. Inadhamiria kuonyesha kwamba katika Injili ya Marko, kuanzia 9:33 hadi mwisho wa sura ya 10, mtoto hasifiwi kwa usafi wake wala kwa ukimya wake. Anatumiwa kama ishara ya mtu asiye na cheo, ambaye anapokea kwa sababu hana cha kulipa. Unyenyekevu anaoufundisha ni wa mikono mitupu, na uwazi wake ni wa moyo ambao haujajaa.

Muktadha wa ishara

Ishara haina maana nje ya muktadha wake. Yesu na wanafunzi wake wanafika Kapernaumu. Wakiwa nyumbani, anawauliza walikuwa wakibishania nini njiani. Wananyamaza. Msimulizi ndiye anayetufichulia siri: walikuwa wakibishana ni nani aliye mkubwa miongoni mwao. Hapo ndipo Yesu anapoketi, anawaita wale kumi na wawili, anawaambia kwamba atakaye kuwa wa kwanza awe wa mwisho na mtumishi wa wote. Kisha anamtwaa mtoto, anamweka katikati yao na kumkumbatia.

Tazama mambo mawili. Kwanza, mtoto analetwa kuwa jibu la ubishi kuhusu ukubwa. Hakuna aliyeuliza kuhusu dhambi wala usafi. Pili, mtoto huyu hana jina, hatujui wazazi wake, na hasemi neno hata moja. Mwandishi hakumpa tabia yoyote tunayoweza kuiita njema au mbaya. Kitu pekee tunachokijua ni nafasi yake: alikuwa pembeni, sasa yuko katikati. Mwanafunzi anayeandika kwamba mtoto huyu "ni mpole na mtiifu" ameandika kisichokuwemo katika matini.

Waswahili tuna msemo kwamba ukubwa ni jaa. Jaani hutupwa kila taka, na mkubwa wa kweli hupokea maudhi ya kila mtu bila kulipiza. Msemo huo unakaribia fundisho la Marko, lakini yeye anakwenda hatua moja mbele. Hasemi tu kwamba mkubwa avumilie. Anasema kiti chenyewe cha ukubwa kimehamishwa.

Mtoto katika methali na mtoto wa Marko

Ulinganisho na fasihi simulizi utawafaa wanafunzi hapa. Methali zetu nyingi humwona mtoto kama anayefinyangwa na wakubwa: samaki mkunje angali mbichi, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika methali hizi mafunzo hutoka juu kwenda chini. Ni hekima ya jamii inayotaka kuendelea kuwepo, na hatuna sababu ya kuibeza.

Marko anaupindua mkondo huo. Wanaofundishwa ni watu wazima, na somo lao ni mtoto. Hapa pana kinaya cha hali: wanafunzi walioacha nyavu na nyumba kumfuata mwalimu wanaambiwa wamtazame asiyejua kitu. Msomaji wa karne ya kwanza, aliyeishi mahali ambapo mtoto hakuwa na sauti barazani, angegutuka. Sisi tuliozoea picha za watoto wakitabasamu katika kalenda za makanisa hatugutuki tena, na ndiyo sababu tunaikosa maana.

Kitenzi "pokea" na utata wake

Katika sura ya 9, Yesu anasema anayempokea mtoto wa namna hii anampokea yeye. Katika sura ya 10, watu wanapoleta watoto wadogo awaguse, wanafunzi wanawakemea. Yesu anakasirika na kuwaambia kwamba asiyeupokea ufalme wa Mungu kama mtoto mdogo hatauingia. Baadhi ya tafsiri za Kiswahili huandika "kukubali" katika kauli hii ya pili, lakini katika Kiyunani kitenzi ni kile kile. Takriri hiyo imekusudiwa.

Kauli hiyo ya pili ina utata wa kisarufi unaofaa kujadiliwa darasani. "Kupokea kama mtoto" kunaweza kumaanisha kupokea jinsi mtoto apokeavyo, au kupokea jinsi mtoto apokewavyo. Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa zimejificha katika maneno mamoja. Wafasiri wengi huchagua maana ya kwanza, na muktadha wa sura ya 10 unawaunga mkono. Hata hivyo, sura ya 9 inatukumbusha maana ya pili. Kwa maoni yangu, hatulazimiki kuua moja ili nyingine iishi. Anayejua kupokea kama mtoto ndiye atakayekuwa na nafasi ya kumpokea mtoto. Aliyejaa cheo chake hawezi lolote kati ya hayo mawili.

Methali nyingine inasema mkono mtupu haulambwi. Katika biashara za dunia hiyo ni kweli tupu. Katika simulizi hii, mkono mtupu ndio pekee unaoweza kujazwa.

Usambamba wa wahusika

Ufundi mkubwa wa Marko umo katika mpangilio wa matukio. Mara baada ya watoto kukumbatiwa na kubarikiwa, anaingia mtu mwenye mali nyingi. Anakuja mbio na kupiga magoti, na swali lake ni: afanye nini ili aurithi uzima wa milele? Swali lenyewe linajipinga. Urithi haupatikani kwa kufanya. Mtoto huurithi kwa kuwa ni mtoto. Mtu huyu si mwovu. Amezishika amri tangu ujana wake, na msimulizi anatuambia Yesu alimpenda. Tatizo lake ni kwamba mikono yake imejaa, na anapoambiwa aifungue anaondoka kwa huzuni. Baada ya hapo, Yesu anawaita wanafunzi wake "watoto", neno ambalo Mathayo na Luka hawakuliweka katika kisa hiki. Msomaji makini hatalipita.

Kisha wanakuja Yakobo na Yohana. Yesu anawauliza wanataka awafanyie nini. Wanataka viti, mmoja kulia na mwingine kushoto. Wale kumi wanakasirika, na katika Kiyunani hasira yao imetajwa kwa kitenzi kile kile kilichotumiwa kwa hasira ya Yesu. Yeye alikasirika kwa sababu watoto walizuiwa. Wao wanakasirika kwa sababu viti vinagombewa. Ndani ya sura moja, hasira mbili zimepimwa katika mizani moja.

Mwishoni, huko Yeriko, tunakutana na Bartimayo, kipofu mwombaji aketiye kando ya njia. Anapaza sauti, na wengi wanamkemea anyamaze, kama watoto walivyokemewa. Anazidi kupaza sauti. Anaitwa, analitupa vazi lake, anafika. Yesu anamuuliza swali lile lile alilowauliza Yakobo na Yohana. Jibu lake ni fupi: anataka kuona. Simulizi iliyoanza kwa wanafunzi wakibishana njiani inaishia kwa mwombaji akimfuata Yesu njiani.

Bartimayo ni mtu mzima, lakini ndiye anayetuonyesha utoto ambao Marko anauzungumzia. Hana cheo cha kulinda, kwa hivyo haoni aibu kuomba. Hana mali ya kushikilia, kwa hivyo vazi halimchelewishi. Tena hanyamazi. Unyenyekevu wake una sauti.

Utoto si ujinga

Hoja hii ya mwisho ina uzito nje ya darasa. Kuna wanaotumia ishara ya mtoto kuwanyamazisha waumini: uwe kama mtoto, usiulize, tii tu. Mwaka 2023 taifa letu liligutushwa na habari za msitu wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Baada ya Shakahola, usomaji mbaya wa ishara hii hauwezi kuitwa kosa dogo la mtihani.

Matini yenyewe imejiwekea kinga. Hatua chache tu baada ya mtoto kuwekwa katikati, katika 9:42, Yesu anaonya kwamba anayemkosesha mmoja wa wadogo wanaoamini, ingemfaa zaidi afungwe jiwe la kusagia shingoni na kutupwa baharini. Mwandishi aliyeweka ishara ya mtoto na onyo hilo katika mazungumzo yale yale hakumwachia mchungaji yeyote mwanya. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 14:20, anawataka waumini wawe kama watoto wachanga katika uovu, lakini watu wazima katika akili. Hapingani na Marko. Mmoja anazungumzia cheo, mwingine anazungumzia fikira. Na mtoto yeyote aliyelelewa vyema huuliza maswali kutwa nzima. Kuuliza si ujinga.

Mathayo na Luka kwa ufupi

Mathayo (18:1-5) analitaja somo waziwazi: ajinyenyekezaye kama mtoto ndiye mkubwa. Luka (18:15-17) anatumia neno la Kiyunani linalomaanisha watoto wachanga, na anakiweka kisa hicho mara baada ya mfano wa Farisayo na mtoza ushuru. Mtoto mchanga hana sifa ya kujivunia mbele ya Mungu, na mtoza ushuru pia hana. Waandishi hao wawili wanaithibitisha tafsiri yetu, kila mmoja kwa njia yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtoto katika Marko 9 na 10 ni ishara ya mtu asiye na cheo, aliye tayari kupokea na asiyeona haya kuomba. Tumeifikia maana hiyo kupitia muktadha, takriri, utata, kinaya na usambamba wa wahusika. Hizo ndizo zana ambazo mtahiniwa anahitaji kwa matini teule yoyote. Atakapokutana tena na mhusika mtoto, na aulize kwanza: mtoto huyu amewekwa wapi, na nani, na kujibu swali gani? Akishajibu hayo, hatahitaji sentensi ya kukariri.

Maswali ya kujadili

1. Linganisha mwenye mali na Bartimayo kwa kuzingatia wanavyokuja, wanachoomba na wanavyoondoka.
2. "Mhusika asiyesema anaweza kuwa na uzito kuliko wanaosema." Thibitisha ukirejelea Marko 9:33-37.
3. Chagua mhusika mtoto mmoja katika matini teule unayoisoma. Je, yeye ni ishara ya nini? Tetea jibu lako kwa kurejelea muktadha.