Filimbi nne mezani kwangu

Safari hii mezani hakuna riwaya wala diwani. Kuna filimbi nne, na lazima nichague aina moja ya kuwanunulia vijana 12 wa kikundi cha shule yetu hapa Masasi. Hela ni mchango wa wazazi baada ya korosho kulipwa. Nikikosea, sikosei peke yangu.

Mbili aliniletea binamu yangu kutoka Uingereza. Moja ni Clarke, inayotengenezwa tangu 1843: bati lililokunjwa, pana mdomoni na jembamba mwishoni, na kizibo cha mbao ndani. Sauti yake imejaa pumzi, kama mtu anayekusimulia jambo kwa kunong'ona. Usiku chumbani naipenda kupita zote. Lakini inakula upepo jamani. Mtoto wa kidato cha kwanza hafiki nusu ya wimbo.

Nyingine ni Generation, bomba la shaba lililonyooka lenye mdomo wa plastiki nyekundu. Sauti safi, nyepesi kuanza, ila ukipanda juu inalia kama birika. Hapo nikakumbuka vijana wa Johannesburg wa miaka ya 1950, wakina Spokes Mashiyane, waliopiga kwela kwa filimbi za bati za bei chee. Walikuwa wakiugeuza mdomo wa filimbi upande kidogo kinywani ili sauti inenepe. (Padri Trevor Huddleston, aliyemtafutia Hugh Masekela tarumbeta huko huko, mwaka 1960 akaja kuwa Askofu wetu wa Masasi. Dunia ndogo.) Nikajaribu mbinu ile, na kweli birika likanyamaza. Kumbe nilikuwa nalaumu filimbi kwa kosa la mdomo wangu.

Za tatu na nne nilizifuata Newala kwa mzee mmoja fundi. Moja ya mwanzi, matundu kayachoma kwa msumari wa moto, nafasi kazipima kwa vidole vyake mwenyewe. Nyingine kaikata kwenye kipande cha bomba la maji la plastiki. Ya mwanzi ina sauti nene, ya joto, yenye mkwaruzo kidogo chini. Ila tundu la tatu halikubaliani kabisa na kinanda cha kwaya, nami nikamwambia.

"Shikamoo yako nimeitikia, mwalimu," akasema, "lakini hicho kinanda chako kimewahi kutoka nje?"

Tukatoka nje. Mjukuu wake akashika ngoma. Newala upepo hauna adabu, na Clarke ilipotea palepale, nikawa napuliza sijisikii. Generation ilisikika, lakini pembeni, kama mbu. Ya mwanzi ikaingia katikati ya ngoma ikakaa, na lile tundu la tatu nililolilalamikia ndilo lililofanya mjukuu acheke na kuongeza mwendo. Mimi na kinanda changu tukaona aibu.

Sasa msidhani nazisifu za mwanzi kwa sababu ni zetu. Nilimwomba mzee atoe ya pili, tukapiga pamoja: ugomvi mtupu. Kila mwanzi una tumbo lake. Za namna hiyo 12 zikikutana zitafukuza mbuzi. Za bati zingepatana angalau, lakini ule mdomo wa plastiki ukipasuka, Masasi nitaupata wapi?

Kwa hiyo nimeagiza za bomba. Sauti yake peke yake imepooza, kama mtu mwenye mafua, siwezi kuwadanganya. Nimeweka sharti: zote 12 zikatwe kwenye bomba moja, na matundu yafuatishe ile ya mwanzi, tundu la tatu likiwemo, si kinanda. Mzee akaguna tu, akaanza kupima kwa vidole.

Ya mwanzi nilirudi nayo. Wiki ya pili ikapasuka ubavuni; nimeifunga kwa mpira wa baiskeli, na bado inalia.