Bitana ya Babbitt: Jinsi Mashine Kongwe ya Mbao Inavyorudishwa Kazini

Wengi wanaonunua mashine ya mbao yenye umri wa miaka mia huanza na rangi. Kutu inasuguliwa, fremu inapakwa kijani au kijivu, picha zinapigwa, kisha mashine inawashwa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika: gurudumu linayumba, mkanda wa msumeno unavuka ukingo, na haupiti muda mrefu beringi inaanza kutoa harufu ya oili inayoungua. Rangi haina kosa lolote. Kilichorukwa ni pale shafti inapolala, na katika mashine nyingi zilizoundwa kabla ya miaka ya 1920 mahali hapo hapana gololi wala rola. Pana bitana ya babbitt.

Tuchukue mfano mmoja: msumeno wa mkanda wa inchi 36 wa kampuni ya Crescent, iliyokuwa Leetonia, Ohio. Inchi 36 ni kipenyo cha kila gurudumu, yaani sentimita 91. Mashine hii ilikuwa na wenzake wa rika moja: Oliver wa Grand Rapids, Fay & Egan wa Cincinnati, na ng'ambo ya pili ya bahari Wadkin wa Leicester na Robinson wa Rochdale. Nyingi za enzi hizo hazikuja na mota. Karakana ilikuwa na injini moja ya mvuke iliyozungusha shafti ndefu ya darini, na kila mashine ilishushiwa mkanda wake bapa. Ndiyo maana shafti ya chini ya msumeno huu ina puli mbili zilizokaa bega kwa bega. Moja imefungwa kwenye shafti, nyingine inazunguka bure. Fundi akitaka kusimamisha msumeno alisukuma mkanda uhamie kwenye puli huru, na injini ikaendelea kuwatumikia wengine.

Shafti hiyo inalala ndani ya nyumba za chuma cha kusubu zilizogawanyika nusu mbili, ya chini na kifuniko. Kati ya chuma na shafti ndipo palipomiminwa babbitt, metali laini inayopewa jina la Isaac Babbitt wa Massachusetts, aliyepata hataza yake mwaka 1839. Hataza ile ilihusu hasa nyumba ya beringi yenye bitana laini, na mchanganyiko wa metali ulitajwa kama pendekezo tu. Hata hivyo mchanganyiko ndio ulioishi na jina lake. Daraja linalotumika sana leo lina takriban asilimia 89 ya bati, 7.5 ya antimoni na 3.5 ya shaba. Lipo pia la bei nafuu lenye risasi kwa wingi, nalo linatosha kwa mashine za mwendo wa pole.

Kwa nini metali laini ibebe shafti ya chuma? Ukiikata babbitt, ukaing'arisha na kuitazama kwa hadubini, utaona chembe ngumu za bati na antimoni, na nyingine za bati na shaba, zimezama katika bati laini. Chembe ngumu hubeba mzigo. Ile laini inayozizunguka huachia nafasi ndogondogo za oili, na punje ya mchanga ikiingia humezwa na bitana badala ya kuikwaruza shafti. Oili ikikauka kabisa, bitana huyeyuka kabla shafti haijaharibika. Waundaji walijua wanachofanya: waliweka kitu cha kuliwa ili kile cha thamani kibaki. Mafundi wetu wa magari wanaifahamu kanuni hii hata kama jina la Babbitt ni geni kwao. Injini ya Ford Model T ilikuwa na babbitt ya kumiminwa, na vibati vya beringi za konrodi wanavyobadilisha kila siku ni wajukuu wake.

Sasa hoja yangu. Beringi nyingi za babbitt zinazomiminwa upya leo hazikuhitaji kumiminwa. Kuyeyusha metali kunavutia, kunapigika picha, na kunamfanya mtu ajione mhunzi. Ila kati ya nyumba ya beringi na kifuniko chake waundaji waliacha vibati vyembamba vilivyopangwa safu, mafundi huviita shimu, na kazi yake ni hii: bitana ikilika, unatoa kimoja kila upande, kifuniko kinashuka kidogo, nafasi inarudi ilivyokuwa. Mashine imekaa miaka themanini kwenye ghala na shimu zote bado zimo. Hakuna aliyewahi kuzigusa.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima. Geji ya saa inasimikwa juu ya shafti, fundi anapenyeza mti chini ya gurudumu na kulinyanyua kidogo, kisha anasoma mshale umesogea kiasi gani. Kanuni ya kale ni sehemu moja kwa elfu ya kipenyo: shafti ya milimita 50 inataka nafasi ya milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya kawaida. Ikionekana milimita 0.2, zinatolewa shimu na kupimwa tena. Bitana ikiwa imepasuka, imelegea ndani ya nyumba yake, au imelika upande mmoja hata shafti ikainama, hapo ndipo jiko liwashwe.

Na likiwashwa, haraka iwekwe kando. Bitana ya zamani inatolewa kwa patasi au kwa moto, kisha ndani ya nyumba panasafishwa hadi mashimo na mifereji ionekane. Mashimo hayo si uchafu wa kiwandani, na wapo walioyajaza kwa kudhani ni kasoro. Babbitt haishikamani vizuri na chuma cha kusubu. Inashikiliwa na hayo mashimo, inaingia humo ikiwa maji na kujifunga ikipoa.

Shafti halisi haitumiki kumiminia ikiwezekana, kwa sababu joto la upande mmoja linaweza kuipinda. Hukerezwa shafti bandia ya kipenyo kilekile. Inapitishwa kwenye moto wenye moshi mpaka ivae masizi meusi, ambayo ndiyo yanayozuia metali kuing'ang'ania. Kisha inategeshwa mahali pake. Hapa ndipo siku nzima huishia, na ni haki iishie hapo. Kosa la nusu milimita katika kutegesha litaganda ndani ya bitana, na hakuna kurekebisha gurudumu la juu kutakakolifuta. Kingo zinazibwa kwa udongo maalumu usio na maji. Neno usio na maji nalisisitiza. Tone la maji likikutana na metali yenye joto la nyuzi 400 hugeuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na kinachotoka kwenye tundu ni babbitt inayoruka kuelekea usoni. Nyumba na shafti hupashwa moto kwanza ili unyevu utoke na metali isigande kabla ya kujaa. Miwani, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu wote, na dirisha wazi kwa ajili ya moshi wa risasi.

Daraja lile la bati huanza kulainika kwenye nyuzi 241 za Selsiasi, huwa maji kamili karibu na 354, na humiminwa karibu na 424. Zamani karakana nyingi hazikuwa na kipimajoto. Fundi alichovya kijiti kikavu cha msonobari, kama mpishi wa maandazi anavyojaribu mafuta kwa kidonge cha unga. Kijiti kikibadilika rangi polepole, bado. Kikiwa cheusi papo hapo bila kuwaka, ndiyo saa yake. Kikishika moto, metali imepitiliza na ubora wake unaanza kupotea. Njia hiyo bado inatumika, nami naiamini kuliko vipimajoto vya bei rahisi.

Metali inakorogwa, uchafu unaoelea unaenguliwa, na upawa unajazwa zaidi ya kinachohitajika. Kisha inamiminwa mara moja, mkondo mmoja, bila kusita hadi ijae. Ukikatisha hata kwa kuvuta pumzi, tabaka la kwanza linaanza kuganda na la pili linakaa juu yake bila kuungana. Kwa macho bitana itaonekana nzima, ila ina mshono ndani, na mshono huo utafunguka siku msumeno ukibebeshwa gogo. Ikitokea hivyo, hakuna dawa ila kuyeyusha na kuanza upya.

Ikipoa husinyaa na kuibana shafti, ndipo inapofuata kazi ambayo haina picha nzuri hata moja. Shafti halisi inapakwa utando mwembamba wa rangi ya buluu, inalazwa, inazungushwa kidogo, inanyanyuliwa. Palipoachwa buluu ndipo palipoinuka. Panakwanguliwa kwa kikwangulio chenye makali ya mviringo, utepe mwembamba wa metali unatoka, na mzunguko unarudiwa. Mwanzoni madoa ni mawili matatu upande mmoja. Yakishatapakaa bitana nzima, sawia, kazi imekwisha. Mwisho unachongwa mfereji wa oili ambao haufiki kingoni, maana ukifika kingoni oili yote itamwagika sakafuni. Grisi haina nafasi hapa. Beringi hizi zinataka oili nyepesi, matone machache, kila siku ya kazi.

Wapo wanaochonga nyumba zote na kutia beringi za gololi. Kwa mashine ya kurandia, ambayo kichwa cha visu chake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, siwezi kuwalaumu. Kwa msumeno huu sioni sababu. Ukizunguka mara 450 kwa dakika, mkanda wake tayari unakimbia karibu mita 1,300 kwa dakika, na kwa mzunguko huo babbitt iliyokwanguliwa vizuri itamzika aliyeikwangua. Gololi zikifa, atakayekuja baadaye atakuta chuma kilichochongwa kisichoweza tena kupokea babbitt.

Kutu ni jambo jepesi kuliko linavyosemwa. Vipande vidogo vya chuma hutumbukizwa kwenye maji yenye soda ash, ileile inayotengenezwa kwa magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya, na kuunganishwa na waya hasi wa chaja ya betri. Waya chanya hushika kipande cha chuma cha kutupa. Chuma cha pua kisitumike hapo, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Alumini na zinki zisitumbukizwe kabisa, zitaliwa. Fanyia nje, kwani hewa ya haidrojeni inayotoka huwaka. Rangi ya zamani nayo mara nyingi ina risasi, basi isisuguliwe kavu.

Vifaa vilivyopotea ndivyo vinavyompa mkusanyaji usingizi wa taabu: kingio, kifuniko cha gurudumu, kiongozi cha ubao. Ukipata kimoja kwa rafiki ukakipeleka kwa msubu kitumike kama kielelezo, kitakachotoka kitakuwa kidogo. Chuma cha kusubu husinyaa takriban asilimia 1 kikipoa, kwa hiyo kwenye kipande cha sentimita 30 unapoteza milimita 3, na mashimo ya bolti hayatakutana. Watengeneza vielelezo wa zamani walikuwa na rula zilizorefushwa kwa kiwango hicho. Asiye nayo aongeze unene kwenye kielelezo kwa nta au putini. Na kama unatafuta umri wa mashine, soma tarehe za hataza zilizosubiwa kwenye fremu: haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko tarehe ya mwisho kati ya hizo.

Kitu kimoja kisirudishwe kazini hata kikiwa kizima: kichwa cha visu cha mraba kwenye mashine ya kurandia inayolishwa kwa mkono. Pembe zake nne huacha pengo kubwa mbele ya meza, na mkono ukiteleza huvutwa wote ndani. Kichwa cha mviringo huacha upenyo mdogo tu. Uingereza ilikikataza kile cha mraba kwenye mashine hizo kwa kanuni za mwaka 1922, na wapenzi wa uasilia wanaokisifu leo wana bahati ya kuhesabu vidole vyao vyote kumi. Kiwekwe rafuni.

Kwa msomaji wa huku, hesabu moja ya umeme. Mota ya Marekani iliyoandikwa mizunguko 1,725 imeundwa kwa umeme wa hezi 60. Kwenye hezi 50 zetu itazunguka karibu 1,440, yaani pungufu ya moja ya sita, na volti pia hazilingani. Ni rahisi kununua mota ya hapa na kupanga puli upya: 1,440 kwa 450 ni 3.2, hivyo puli ya inchi 5 kwenye mota inataka ya inchi 16 kwenye msumeno.

Kama kwenye karakana ya shule, ya misheni au ya mzee wako imebaki mashine ya namna hii, usiruhusu ipimwe kwa kilo kabla hujafungua vifuniko vya beringi. Tafuta shimu. Zikiwa bado zimo na shafti haina makovu, tia oili, pima nafasi, ikizidi toa shimu moja kila upande, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Huenda usihitaji kuwasha jiko kabisa.