"Kinga ya Umeme": Istilahi Moja, Hatari Tatu

Katika mwongozo mmoja wa kifaa kinachotumia betri ya volti 12, nilikuta maneno haya: "Kifaa kina kinga ya umeme yenye hasara ndogo." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kasoro yake ni kwamba fundi akiisoma hajui kifaa kinakingwa dhidi ya nini, wala kinachopotea ni kitu gani.

Tuanze na neno "kinga". Umeme waweza kuharibu saketi kwa njia tatu mbalimbali. Kwanza, waya wa chanya ukiungwa kwenye ncha hasi, na wa hasi kwenye ncha chanya, mkondo hupita kinyume. Pili, volteji yaweza kupanda kupita kiasi ambacho saketi huhimili. Tatu, mkondo waweza kuzidi hata waya ukaungua. Fyuzi imekusudiwa hatari hii ya tatu. Kwa zile mbili za kwanza haitoshi peke yake, maana transista huweza kuharibika kabla fyuzi haijakatika. Mtumiaji aliyeambiwa tu kwamba kinga ipo hatajihadhari anapounga nyaya, na kifaa chake kitaharibika.

Neno la pili ni "hasara". Kwa wasomaji wengi hasara ni ya fedha, na huenda wakadhani kwamba habari hiyo yahusu bei. Kumbe inayokusudiwa ni nishati inayopotea ndani ya kinga yenyewe. Dayodi ya silikoni hupitisha mkondo upande mmoja tu, lakini hupunguza volteji kwa kadiri ya volti 0.7, mkondo ukiwa ampea 5, wati 3.5 hugeuka joto bure. Transista ya aina ya MOSFET yenye ukinzani wa omu 0.02 hupoteza nusu wati tu kwa mkondo huo huo. Sifa hiyo ndiyo iliyostahili kuelezwa.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "kinga dhidi ya kugeuzwa kwa ncha", "kinga dhidi ya kuzidi kwa volteji" na "kinga dhidi ya kuzidi kwa mkondo"; na mahali pa "hasara" tuweke "upotevu wa nishati". Itadaiwa kwamba istilahi hizi ni ndefu. Ni kweli, lakini ufupi unaoficha hatari haumfai fundi. Hapana budi wafasiri wawaulize mafundi kazi ya kila kifaa kabla ya kukipa jina.