Kanuni za kliniki zinakaa wapi? Uchambuzi wa UgandaEMR

UgandaEMR, mfumo unaotunza majalada ya wagonjwa katika vituo vya afya nchini Uganda, ulitengenezwa Kampala na mradi wa METS ulio chini ya Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Makerere, kwa ajili ya Wizara ya Afya. Umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Moduli zake husifiwa sana, lakini kinachozifanya zielewane ni mpaka uliopo kati ya kanuni za kazi na hifadhidata.

Tuchukue usajili wa mgonjwa. Karani akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, ukurasa hauigusi hifadhidata ya MySQL. Huita PatientService, kiolesura kinachotaja mambo ambayo kliniki humfanyia mgonjwa: kumsajili, kumtafuta, kuunganisha majalada mawili ya mtu mmoja. Hapo ruhusa ya mtumiaji hukaguliwa. Je, mgonjwa ana namba ya utambulisho? Namba hiyo si ya mtu mwingine? Yakishathibitishwa hayo, kazi hukabidhiwa PatientDAO, ambayo kazi yake ni kuweka na kuchukua data.

Tabaka hilo la chini nalo lina matatizo yake. Majedwali ya mtu na ya mgonjwa hutumia ufunguo mmoja. Muuguzi aliyekwisha kusajiliwa kama mtumiaji akija kutibiwa, Hibernate, maktaba inayounganisha programu na hifadhidata, haiwezi kumgeuza mtu aliyepo kuwa mgonjwa. Kwa hiyo HibernatePatientDAO hutangulia kuingiza mstari wake kwenye jedwali la wagonjwa kwa SQL, ndipo ihifadhi. Shida hiyo ni ya hifadhidata, nayo imemalizwa humo humo; mwandishi wa moduli ya VVU hana haja ya kuijua.

Faida kubwa zaidi ya mpaka huo iko kwenye kufuta. Kwa kawaida jalada halifutwi, hubatilishwa. Anayebatilisha bila kutoa sababu hukataliwa, na jina lake pamoja na tarehe hujazwa na mfumo wenyewe. Kila moduli inayopita njia hii hupata ulinzi huo bila kuuandika upya.

Mpaka huu huvuja kwenye ripoti. Moduli ya ripoti huruhusu SQL ya moja kwa moja, na sababu ipo: kupakia jalada moja moja ili kuhesabu wagonjwa wa robo mwaka ni kazi ya polepole mno. Hata hivyo, SQL hiyo haipiti penye kanuni. Mwandishi akisahau sharti la voided = 0, yaani majalada yasiyobatilishwa tu, waliobatilishwa watahesabiwa, na takwimu potofu itapelekwa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao wizara huutumia kupanga huduma.

Pendekezo langu ni hili: SQL ya ripoti isome tu, isiandike kamwe. Hoja zote za SQL zikae mahali pamoja, na kila moja ijaribiwe kwenye H2, hifadhidata ya majaribio, ikiwa na angalau mgonjwa mmoja aliyebatilishwa. Na kabla ya kupokea moduli mpya, mkaguzi aulize: wizara ikibadili kanuni hii kesho, tutafungua mafaili mangapi? Jibu likizidi moja, moduli irudishwe kwa mwandishi wake.